Sahihi ya Pili Anayo Wifi

"Wifi, umeshatia sahihi?"

Dobi hakuinua macho. Mvuke wa pasi ulimpanda usoni, akaendelea kunyoosha kola ya shati kama vile aliyeingia ni upepo.

"Salamu kwanza, mama. Hata polisi hubisha hodi."

"Za kazi, wifi. Umeshatia sahihi au bado?"

"Sahihi ya nini?"

"Usinizungushe! Nimemwacha mwanafunzi nje kwenye gari, bibi mzima mstaafu, ameshika usukani kama anaukaba koo. Fungua simu yako."

Aliyesema hivyo alikuwa Mwalimu, mwalimu wa udereva. Alikuwa ameolewa na mdogo wake Dobi, mwanamume mchanganya rangi katika duka la vifaa vya ujenzi, ambaye kila mtu alimwita Rangi. Tangu siku ya harusi, mawifi hawa wawili walikuwa paka na panya. Kila mmoja alimwona mwenzake ana maringo, na wote wawili walikuwa na haki kidogo.

Dobi aliweka pasi kando, akatoa simu kwenye mfuko wa aproni. Ujumbe ulikuwa pale pale:

"Ombi jipya: kutuma sarafu zote. Aliyetia sahihi: Rangi. Inahitajika sahihi moja zaidi."

"Zote?" Dobi aliuliza.

"Zote. Na kwangu umeingia ujumbe huo huo. Pamoja na kiwanja cha marehemu baba yangu."

Kiwanja kile Mwalimu alikiuza kwa machozi. Alikuwa akifundisha watu kuendesha gari la tajiri, na ndoto yake ilikuwa kununua gari lake na kufungua shule yake. Rangi ndiye aliyemshawishi waweke fedha kwenye sarafu za mtandaoni zikue. Dobi naye akatia akiba yake. Nusu ya mali ikawa ya Mwalimu, nusu nyingine ya ndugu wawili, sawa kwa sawa.

Sarafu hizo hazina benki wala meneja wa kumlilia. Anayeshika ufunguo wa siri ndiye mwenye mali, ukipotea, umepotea. Kwa hiyo walifungua pochi yenye funguo tatu: mmoja wa mume, mmoja wa mke, mmoja wa dada wa mume. Sahihi mbili zikipatikana, mali inatoka. Sahihi moja peke yake haitoi hata chembe. Rangi ndiye aliyetaka ufunguo wa tatu ushikwe na dada yake, na alikuwa na hesabu zake: mke wangu na dada yangu hawapatani, basi hawataungana dhidi yangu hata siku moja.

"Aliniambia ni nyumba ya mama," Dobi alisema taratibu. "Alisema anataka kumshtukiza mama, nisikwambie wewe kwa sababu una mdomo."

"Mimi nina mdomo?"

"Si maneno yangu, ni ya mumeo. Ingawa sikumbishia."

Simu ya Dobi ikaita. Wakatazamana. Mwalimu akaweka kidole mdomoni, Dobi akabonyeza spika.

"Dada, vipi? Mbona kimya?"

"Nina nguo za watu hapa, mdogo wangu. Pasi iko motoni."

"Acha hiyo pasi! Fungua, weka namba yako ya siri, bonyeza kubali. Basi, umemaliza."

"Mke wako anajua?"

"Yule? Yule anajua breki na klachi."

Nyuma ya sauti yake mwanamke akacheka.

"Nani huyo anacheka?"

"Redio."

"Mpenzi," yule mwanamke akasema, "mwambie dada yako afanye haraka."

"Redio yako inakuita mpenzi?" Dobi aliuliza.

Rangi akashusha pumzi.

"Sawa, dada. Wewe ni damu yangu, sitakuficha. Nimepata mtu anayenifaa. Ni keshia wa hapa dukani. Tunataka kufungua duka letu la rangi, tuanze maisha. Huyu ananiamini na mimi namwamini. Hata yale maneno kumi na mawili yanayofungua ufunguo wangu wa pale na pochi yangu ya peke yangu, nimeyapiga picha nikamtumia, ananitunzia. Mke wangu sijui alipoyaficha ya kwake, utafikiri ameolewa na jambazi."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. Mara ngapi alimwambia mtu huyu? Usiyapige picha. Usiyatume. Anayeyaona ameshaingia ndani.

"Na changu kilichomo mle?" Dobi aliuliza.

"Nitakurudishia. Vijisenti vya kufulia soksi za watu vitanishinda mimi?"

 Kwa pasi hiyo hiyo na mikono hiyo hiyo, Dobi alikuwa amemlipia mdogo wake ada ya shule mpaka akamaliza. Hakuna aliyemkumbusha, na yeye hakusema.

"Sawa, mdogo wangu," alisema hatimaye, kwa sauti laini mno. "Nitatia sahihi leo leo."

"Ndiyo maana nakupenda, dada!"

Simu ikakatika. Dobi akachomoa pasi ukutani.

"Wifi," alisema, "nimemwahidi nitatia sahihi. Sikumwambia kwenye ombi la nani."

Mwalimu alikwenda kumwomba radhi bibi mstaafu, akampigia mwalimu mwenzake aje kuendelea naye. Aliporudi, Dobi alikuwa ameshageuza kibao cha mlangoni kikasomeka Tumefunga.

"Nataka abaki na suruali aliyovaa," Mwalimu alisema. "Tuchukue zote. Sahihi yangu na yako zinatosha."

"Twende basi."

"Ngoja. Niombe kwanza."

"Unaomba nini? Tuibe kwa baraka?"

"Naomba mkono wangu usichukue kisicho changu. Maana roho yangu inataka vyote."

Akapiga magoti pale pale, kati ya vikapu vya nguo chafu. Dobi alisimama kando, amekunja mikono, lakini hakucheka. Mwalimu alipoinuka, macho yalikuwa mekundu na sauti imetulia.

"Tutamwachia fungu lake. Yote, hata punje isipungue. Langu na lako tunahamisha."

"Kwenda wapi?"

"Kwenye pochi mpya yenye funguo mpya. Za zamani zimekwisha kazi, mmoja uko kwa keshia."

Walifungua pochi nyingine ya funguo tatu. Kila ufunguo ulipoleta maneno yake kumi na mawili, hakuna aliyegusa kamera. Mwalimu aliyagonga yake herufi kwa herufi kwenye kibati cha chuma, kwa nyundo na mihuri ya herufi aliyoazima kwa fundi wa jirani. Dobi alicheka kwa kelele ile, kisha akaandika ya kwake kwenye vitambaa viwili kwa wino wa kutia alama nguo, wino ambao hata sabuni ya kaustiki imeshindwa nao.

"Kimoja nitakishona nyumbani, kingine kitakaa kwa mchungaji, ndani ya bahasha iliyofungwa," alisema. "Nyumba moja ikiungua, nyingine ipo."

"Na mchungaji akichungulia?"

"Ataona neno chura, neno dirisha, neno asali. Atafikiri nimeandika mahubiri. Hata akijua, ni ufunguo mmoja tu, hautoi kitu."

Ufunguo wa tatu waliamua uende kwa mama mzazi wa Mwalimu, mwanamke asiyeamini simu wala mkwe.

Dobi alitaka watume papo hapo. Mwalimu akamzuia.

"Hatuingii barabarani kabla ya kujaribu breki. Futa pochi kwenye simu yako."

"Nifute? Una wazimu?"

"Futa sasa, ikiwa tupu. Kisha irudishe kwa maneno ya kwenye kitambaa. Kama umekosea hata neno moja, afadhali tujue leo."

Dobi akafuta huku akisali kwa mara ya kwanza mbele ya wifi yake. Akaandika neno baada ya neno, na pochi ikarudi. Mwalimu naye akajaribu kwa kibati chake, ikarudi. Wakatuma kiasi kidogo kwanza, kikafika. Ndipo wakaandaa ombi kubwa: fungu la Mwalimu na la Dobi kwenda pochi mpya, na fungu la Rangi kwenda ile anwani aliyoiandika mwenyewe kwenye ombi lake, pochi yake ya peke yake.

Mwalimu akatia sahihi. Akampa Dobi nafasi kwenye benchi.

"Sahihi ya pili, wifi."

Dobi alibonyeza kwa kidole chenye kovu la pasi.

"Soksi za watu zimekusalimu, mdogo wangu," alisema.

Kisha akakunja uso.

"Lakini wifi, pochi hiyo anayokwenda kupokelea, si ndiyo yenye maneno aliyompa keshia?"

"Ndiyo."

"Basi tumempelekea keshia."

"Tumempelekea mumeo wangu... mume wangu, mahali alipopachagua."

"Umekasirika mpaka ulimi umeteleza. Mwonye. Mbaya wetu, lakini ni wa mama yangu."

"Namwonya sasa hivi."

Mwalimu aliandika:

"Fungu lako lote limekwenda kwenye anwani uliyoichagua. Maneno ya pochi hiyo anayo keshia wako. Fungua pochi mpya uhamishe leo, kabla hajahamisha yeye. Kahaba aliyeiba mume hatashindwa kuiba pochi."

Dobi akasoma mara mbili.

"Sentensi ya mwisho itoe."

"Kwa nini?"

"Ukiitoa, ataamini. Ukiiacha, atasema ni wivu."

 Nje gari lilipiga honi, mtu akagonga kioo akauliza kama suti yake iko tayari, hakuna aliyemjibu.

"Najua," Mwalimu alisema. Akabonyeza tuma.

"Mungu wako anakuona, wifi."

"Ndiyo. Na ameona kila neno nililoandika ni kweli, isipokuwa labda hilo la kahaba."

"Nafua madoa ya kila aina," Dobi alisema polepole, "hili lako sijui nitalitia sabuni gani."

Jibu liliingia hapo hapo:

"Hahaha! Wivu utakuua, Mwalimu. Nimemwonyesha, tumecheka mpaka machozi. Tunza siri zako. Hapa kuna mapenzi."

Mwalimu akalisoma kwa sauti, akaweka simu mezani ikitazama chini.

Kesho yake keshia hakufika kazini. Rangi alidhani anaumwa, akanunua matunda, akaenda kwake. Chumba kilikuwa kitupu, mwenye nyumba anafagia. Akarudi dukani mbio, akafungua pochi mbele ya ndoo za rangi, na sifuri ikamtazama. Simu ya keshia ilikuwa imezimwa, ila alikuwa ameacha ujumbe mmoja:

"Asante kwa kuniamini. Na msalimie mke wako, ana akili."

Rangi alimpigia dada yake.

"Dada, nimekwisha! Amechukua yote!"

"Pole. Nina pasi mkononi."

"Dada, mimi ni damu yako!"

"Ndiyo maana nimepokea simu. Wengine nisingewapokelea. Njoo ule, chakula kipo. Lakini kuhusu mke wako usinitume, sitakwenda."

Jioni ile Rangi alisimama mlangoni kwa mke wake, shati lina madoa ya rangi nyeupe, mikono haijui pa kukaa. Nguo zake zilikuwa zimepangwa kwenye sanduku karibu na kizingiti, zimefuliwa na kunyooshwa. Alijua ni kazi ya nani.

"Mke wangu."

"Sema."

"Uliniandikia ukijua sitaamini."

"Nilikuandikia."

"Ile sentensi ya mwisho uliiweka makusudi."

"Makusudi kabisa."

Rangi hakutegemea kusikia hivyo. Alikuwa amejiandaa kwa kelele, kwa kiapo, kwa machozi. 

"Sasa una tofauti gani na yeye?"

"Yeye alikudanganya kwa sauti tamu. Mimi nilikwambia kweli kwa sauti uliyozoea kuidharau. Ungesikiliza maneno badala ya sauti, leo ungekuwa na fungu lako."

"Ningekuwa na fungu, nisingekuwa hapa."

"Hilo nalo nimelifikiria."

Rangi akafuta uso kwa mkono, akajipaka weupe shavuni.

"Umelipiza. Roho yako imetulia?"

 Lilikuwa swali la haki, na Mwalimu hakutaka kulijibu kwa uongo.

"Nilifikiri ingetulia. Jana usingizi ulikuwa mtamu. Leo nimekuona hapo na shavu lako hilo, nimesikia kitu kinaniuma. Lakini si cha kutosha."

"Nisamehe."

"Naomba kila siku nipewe moyo wa kukusamehe. Bado haujaja."

"Ukija je?"

"Utajua. Nitakuandikia ujumbe mfupi, na safari hii utausoma kwa makini."

Karibu Rangi acheke, karibu alie. Akainama kuchukua sanduku, kisha akalishusha tena, akainua macho kama mtoto anayeomba anyanyuliwe.

"Basi niombee, mke wangu. Angalau hilo."

"Nitakuombea," Mwalimu alisema. "Lakini nitakuombea nikiwa huku ndani, na wewe ukiwa huko nje."

Akafunga mlango. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, akapiga magoti.