Mikato ya Nguzo

Haya alinisimulia rafiki yangu Severini, na mimi siongezi kitu. Mwaka wa hamsini na tano walikuwa wakijenga ghala kubwa la mpunga karibu na Kivukoni. Nguzo moja ya mti ilipigwa nyundo ikazama futi thelathini, kikabaki kichwa, kisha ikabebeshwa magunia ya mchanga ili waone kama udongo utastahimili. Kila asubuhi Severini alitambaa gizani chini ya magunia, akaikata alama kwa kisu usawa wa kamba iliyovutwa kando yake, kupima imezama kiasi gani. Kila mara, kabla ya kukata, aliigonga nguzo mara tatu.

“Unampigia nani hodi humo?” aliuliza msimamizi wake, fundi Nikodemu.

“Mazoea tu, mzee. Siwezi kuingia mahali kimya.”

Asubuhi ya nne, alipokwisha kukata, kiganja kikiwa bado kwenye nguzo, alisikia kugongwa mara tatu, taratibu, kutoka chini. Alikataa kurudi.

Siku ya tano hakuna aliyeingia. Siku ya sita Nikodemu aliamuru nguzo ing'olewe, watu waone hakuna kitu.

Juu ilikuwa na mikato minne ya Severini. Walipoosha tope kwenye ncha ya chini, walikuta mikato mitano, wa mwisho bado mweupe, kama uliokatwa jana.