Injini ya Gatete na Uji Mzito

Mudende, kwenye vilima vya Rwanda, asubuhi ni baridi. Ukungu unalala juu ya mashamba ya viazi, na ng'ombe wakipumua unaona mvuke. Lakini wanawake wa kilima kile hawakuhitaji saa ya kuwaamsha. Waliamshwa na injini ya Gatete.

Ta-ta-ta-ta-ta! Ilikuwa kama mtu anapiga sufuria tupu kwa kijiko.

"Gatete amewasha," waliambiana. Basi walifunga magunia yao na kuyabeba hadi barabarani.

Gatete alikuwa na pikapu ya zamani, ya petroli. Kila siku, ila Jumapili, alishusha viazi vya wanawake wa ushirika mpaka Gisenyi, kwenye mpaka mdogo wa Petite Barrière. Huko wanawake waliuza kwa wafanyabiashara wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Gatete na mkewe Mukeshimana walikulia Karagwe, Tanzania, kabla ya kurudi Rwanda. Kazi ya viazi ndiyo iliyowalisha wao na binti yao Kirezi.

Jumanne moja, kiongozi wa ushirika alisimama mbele ya gari, mikono kiunoni. Jina lake Kabatesi. Kiswahili alijifunzia mpakani, kwa wateja.

"Baba Kirezi," alisema, "hii gari yako inalia sana."

"Ni uzee tu, mama. Hata mimi nikiamka magoti yanalia."

Wanawake walicheka. Kabatesi hakucheka.

"Magoti yako haibebe viazi yetu. Siku moja itakufa pale kwenye muteremuko, na wateja wa Goma watanunua kwa wengine. Sikiliza. Tunakupatia mpaka Jumatatu. Kama inalia bado, tutapanda ya Janvier."

Janvier, dereva mwingine, alikuwa na gari jipya kidogo, na alikuwa akiutaka mzigo wa wanawake hao tangu mwaka jana.

Siku ya Alhamisi, mjini Gisenyi, Gatete aliwaeleza madereva wenzake. Mmoja wao, Jean de Dieu, alimpiga begani.

"We! Unahangaika na kitu kidogo hivi? Gari muzee ni kama muzee wa nyumbani. Asubuhi unamupatia nini? Uji muzito! Tia mafuta muzito, itanyamaza."

Kwa kweli, Gatete alipenda uji mzito kuliko chakula chochote. Maneno hayo yakamwingia. Akanunua oili ya giaboksi, ile nzito inayovutika kama asali. Akaimimina kwenye injini, juu ya oili iliyokuwemo. Akaongeza na chupa ya dawa ya injini aliyoiona kwenye meza ya mchuuzi. Chupa ilikuwa na picha ya simba.

Mchana, jua la Gisenyi kando ya ziwa likiwaka, injini ilinguruma polepole. Gatete alirudi nyumbani akiimba.

"Mama Kirezi, imenyamaza!"

"Tutaona asubuhi," Mukeshimana alisema.

Mukeshimana aliishia darasa la sita. Lakini kitu kikipita mbele ya macho yake hakipotei. Hata kelele za injini alikuwa akizipima bila kumwambia mtu. Zamani, kelele ilianza Kirezi alipoanza kunawa uso, na ilikwisha kabla hajafuta maji. Ijumaa ile, Kirezi alinawa, akafuta maji, akavaa sare, akanywa uji, akafunga viatu. Injini bado inagonga! Na ilikuwa inagonga zaidi.

"Baba Kirezi," alisema, "dawa yako imezidisha ugonjwa."

"Pengine dawa haijafika."

"Au imefika, ndiyo maana."

Gatete alitaka kukasirika, lakini alikumbuka Jumatatu. "Basi wewe unasemaje?"

"Nasema twende kwa mtu anayejua. Kuna fundi mmoja mwanamke, karibu na barabara ya mpakani. Namwona kila nikienda nawe mjini. Magari yanaingia kwake yakilia, yanatoka kimya."

"Fundi mwanamke?"

"Gari halijui kama mkono ni wa mwanamke."

Jumamosi, baada ya kupeleka viazi, walikwenda. Fundi aliitwa Mukasine. Alikuwa na ovaroli ya buluu na kitambaa kichwani. Hakuuliza bei ya gari wala mwaka wake. Aliuliza: "Inalia saa ngapi?"

Gatete alikuna kichwa. "Muda wote... asubuhi hasa."

Mukeshimana ndiye aliyeeleza. Alieleza habari ya Kirezi kunawa uso na kufunga viatu. Alieleza kwamba mchana mjini, injini ikiwa moto, sauti inapungua. Alieleza kwamba baada ya oili ya giaboksi, asubuhi ni mbaya zaidi.

Mukasine alimgeukia. "Dada, macho yako imenifanyia nusu ya kazi. Wateja wangu wengi wananiambia 'iko na kelele' tu, basi."

Kisha alichukua bisibisi ndefu. Injini ikiwa inawaka, aliweka ncha ya bisibisi juu ya chuma, mbali na feni, na mpini akauweka sikioni. Akafumba macho. Akahamisha kidogo. Akasikiliza tena. Alipita hivyo juu ya injini yote, kisha chini, bila haraka, kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Mukeshimana hakuondoa macho kwake. Alikuwa hajawahi kuona mtu anayesikiliza chuma kwa heshima namna ile.

"Bon," Mukasine alisema. "Kuna kelele mbili kwa moteri muzee. Ya juu ni nyepesi: ta-ta-ta. Ya chini ni nzito: ngo! ngo! ngo! Ya chini ni mbaya, mafuta haiponyeshe. Yako iko juu. Ni tapeti, vile vyuma vidogo vinafungua na kufunga njia za hewa. Tapeti inataka mafuta ifike haraka."

"Kwa hiyo gari langu halifi?"

"Gari yako haife. We ndiye unaiua."

Gatete alicheka kidogo, kicheko cha aibu.

Mukasine alizima injini. Gari lilikuwa mahali tambarare. Walingoja dakika chache ili oili ishuke chini. Halafu alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha mpaka mwisho, akakichomoa tena.

"Dada, soma."

Mukeshimana alisogea. Kijiti kilikuwa na alama mbili. "Oili inatakiwa iwe katikati ya alama hizi?"

"Ndiyo. Katikati, ama karibu na ya juu. Na hii?"

"Hii imepita alama ya juu. Imepita sana."

"Baba Kirezi, ulimwaga mafuta ya zamani lini?"

"Mimi huongeza tu. Ikipungua naongeza."

"Aah! Unaongeza, unaongeza! Kama mupishi anaweka maharagwe mupya juu ya ile ya juzi." Mukasine alinusa kijiti, akamnusisha na Gatete. "Harufu ya giaboksi. Ile mafuta iko na kazi yake, hapa si kwake. Na mafuta ikizidi, vyuma vya chini vinaipiga inafanya povu. Povu ikipanda juu, tapeti inalia."

"Lakini Jean de Dieu alisema gari mzee apewe uji mzito."

Macho ya Mukasine yaliona chupa ya chai mkononi mwa Mukeshimana. "Iko nini ndani?"

"Uji wa mtama uliobaki. Mzito, kama anavyoupenda. Umepoa."

"Muzuri sana!" Mukasine alimimina uji kidogo kwenye kikombe. Kutoka kwenye kibanda cha jirani aliomba mrija wa soda. Akampa Gatete. "Vuta."

Gatete alivuta. Mashavu yakaingia ndani. Macho yakamtoka. Uji ulipanda nusu ya mrija, ukasimama.

Mafundi wengine walianza kucheka. "Vuta, muzee! Vuta kama mwanaume!"

"Haupandi," Gatete alisema, akihema.

Mukasine alitia maji ya moto ya kibandani kwenye kikombe, akakoroga. "Sasa."

Fyuu! Uji ulifika mdomoni hata kabla hajajiandaa. Ukamdondokea shatini.

"Donc," Mukasine alisema, "ndani ya moteri njia za mafuta ni nyembamba, kama huu umuheha, huu mrija. Mudende asubuhi ni baridi. Mafuta muzito inasimama njiani, kama uji yako. Tapeti iko juu inangoja, inagongana kavu. Mjini kwa joto mafuta inalegea, unafikiri imepona. Joto ya Gisenyi inakudanganya."

Gatete alitazama mrija, akatazama gari. "Kumbe mzee anataka uji mwepesi asubuhi."

"Mwepesi asubuhi, na ikipata moto isilegee sana. Yote mbili. Iko imeandikwa kwenye chupa. Kitabu ya gari iko wapi?"

Kitabu kilikuwa chini ya kiti, na kurasa bado zilikuwa safi. Hakuna aliyekifungua tangu gari linunuliwe. Mukasine alionyesha ukurasa wenye jedwali. Kwa nchi ya baridi kiasi na joto kiasi, kitabu kilikubali namba mbili: 5W-30 na 10W-40.

"Ikiwa gari ni mupya, ningetia ya kwanza. Hii imetembea sana, vyuma vimelika kidogo. Tutachukua ile inabaki nzito zaidi kwa moto, lakini kitabu inaikubali. Usitoke nje ya kitabu."

Walikwenda dukani. Gatete, kwa mazoea, alisema, "Nipe arobaini." Muuzaji akampa chupa. Mukeshimana aliishika kwanza.

"Ngoja. Hapa imeandikwa 40 peke yake. Fundi, ile ya kitabuni ilikuwa na namba mbele."

"Soma dada, soma!" Mukasine alisema kwa furaha. "Namba ya mbele, ile iko na W, ni ya baridi. Ikiwa ndogo, mafuta inatembea haraka asubuhi. Namba ya nyuma ni ya moto. Arobaini peke yake haikuahidi kitu asubuhi. Na uangalie muhuri. Kama kifuniko imefunguliwa, usichukue."

Mukeshimana aliipata chupa ya 10W-40 yenye muhuri wake. Mbele iliandikwa kwamba ni ya injini zilizotembea kilomita nyingi.

"Hiyo ndiyo," Mukasine alisema. "Ndani imewekwa vitu vya kusafisha, na vya kulainisha ile mipira ya kuziba ya muzee ili isivujishe."

Gatete alinyoosha mkono kwenye rafu ya dawa. Akachukua chupa tatu.

"Rudisha," Mukasine alisema.

"Hata moja?"

"Dawa haimuponyeshe mutu mwenye unakosesha chakula. Mafuta ya muzuri kwanza. Kuna dawa zinafanya mafuta inakuwa nzito tu, kelele inajificha na ugonjwa unabaki. Baada ya wiki, kama tapeti inalia bado kidogo, uje. Nitakupatia moja, ya tapeti, kwa kipimo yake. Moja! Si mchuzi wa dawa tatu."

Kule gereji, Mukasine alifungua nati ya chini. Oili ilitoka nyeusi, nzito, yenye harufu kali. Aliikinga kwenye beseni, kisha akaimimina kwenye jerikani ya oili chafu.

"Si ungeimwaga tu mtaroni?" Gatete aliuliza.

"Mutaro unaenda wapi?"

"Ziwani."

"Na sambaza, ile samaki kidogo unakula, inatoka wapi?"

Gatete alisogeza jerikani mbali na mtaro.

Mukasine alibadilisha filta. Alimimina oili mpya kidogo kidogo, akapima, akamimina, akapima. Ilipokaribia alama ya juu akaacha, ingawa chupa ilikuwa na oili bado. Akawasha injini. Alitazama taa nyekundu ya oili mpaka ikazimika.

"Hii taa ikiwaka barabarani, zima moteri palepale. Usiseme 'nitafika tu.' Na hii mafuta ya sasa itaosha uchafu wa miaka. Tutaimwaga mapema, baada ya mwezi."

Kabla ya kuondoka, Mukeshimana alikata kipande cha katoni. Akaandika tarehe, namba ya kilomita, na 10W-40. Akakibandika karibu na usukani. Mukasine alikisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Dada, siku moja ukichoka na viazi, kuja hapa. Bisibisi iko ya pili."

Jumapili Gatete hakuwa na safari, lakini aliwasha injini ili wasikilize. Ta-ta... ta. Kirezi alikuwa hajagusa hata maji. Kisha ikabaki sauti ya chini, kama paka mkubwa. Gatete alingoja kelele irudi. Haikurudi.

"Bado inasema kidogo mwanzoni," alisema.

"Wewe je? Ukiamka husemi?" Mukeshimana akamjibu.

Jumatatu ikafika. Gatete alipima oili kwa kijiti, akafuta mikono, akawasha, akashuka polepole katika ukungu mpaka barabarani.

Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na gunia hata moja.

Gatete aliegemea usukani. "Wameshapanda ya Janvier," alisema.

Mukeshimana alishuka garini. Alitazama matope ya barabara. Hakukuwa na alama za magurudumu. Alitazama juu ya kilima. Moshi wa jikoni ulikuwa unatoka katika nyumba zote.

"Baba Kirezi," alisema taratibu, "hawajatoka. Hawajatusikia."

Wakati uleule mlango mmoja ulifunguliwa. Kabatesi alitoka na ndoo, akaona gari, akaangusha ndoo.

"Yewe! Gatete amefika! Gatete iko barabarani!" alipiga kelele kwa majirani. Wanawake walitoka mbio, wengine kanga begani, wengine kikombe mkononi, magunia hayajafungwa.

Kabatesi alifika akihema kwa hasira. "Unakuja kimya kama mwizi! Tungejua namna gani?"

Gatete alielekeza kidole kwenye injini. Ilikuwa bado inawaka.

Kabatesi alisogea. Akainamisha kichwa. Akasikiliza kwa muda mrefu, mkono mmoja juu ya boneti. Kisha akainuka, akageukia wanawake wake.

"Leteni magunia," alisema. Halafu akamtazama Gatete. "Na we, kuanzia kesho, upige honi."