Mkalimani wa Mama Ludovika

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita walifagia uwanja wa shule. Efrazia alifagia kidogo, akasema sana. Ndiye aliyeongoza kwa Kiswahili pale kijijini Nambis, na jamani, hakumwacha mtu asahau.

Siku hiyo Mwalimu Michael alimwita. "Nenda zahanati. Muuguzi Veronica yuko likizo ya uzazi, na Bwana Mganga hajui Kiiraqw. Ukamtafsirie."

Mganga Basili alikuwa mgeni kutoka Songea. Kwenye benchi, kati ya wagonjwa wengine, alikaa Mama Ludovika, mjane asiyejua Kiswahili, aliyehamishiwa kijijini mwaka uliopita, 1974, wakati wa Operesheni Vijiji. Majirani walimwita kichaa. Hakwenda shamba la kijiji, hakuzungumza na majirani, na kila mara alitoroka kurudi kule alikotolewa. Watoto, Efrazia akiwemo, walimrushia madongo. Wiki iliyopita alikwenda kumshtaki Efrazia kwa mwalimu, naye Efrazia akala viboko vinne.

"Shikamoo, Bwana Mganga."

"Marahaba. Wengine wote tokeni nje." Mganga alifungua daftari. "Magonjwa ya akili yana mafungu mengi, binti. Kuna mtu anayesikia sauti za watu wasiokuwepo. Kuna mwenye hofu isiyoisha. Kuna aliyezidiwa na huzuni. Kila fungu lina matibabu yake, kwa hiyo usipunguze neno wala usiongeze. Muulize, analala?"

Mama alijibu polepole, kwa Kiiraqw. "Silali. Namlilia binti yangu Ludovika. Tulihamishwa siku tatu baada ya kumzika, na sasa wanalima juu ya kaburi lake. Mwambie nataka kwenda kuliona, basi."

Efrazia alimgeukia mganga. Viboko vile bado vilimkera.

"Anasema marehemu binti yake humwita," alisema. "Amemwagiza achome moto ghala la kijiji."

Mganga aliacha kuandika. "Amesema hivyo?"

"Ndiyo, hivyo hivyo."

Lo! Uongo wa maneno machache tu. Mganga aliagiza gari la kumpeleka mama huyo hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali kabisa, pamoja na mgambo wawili wa kumlinda. Mama Ludovika alipoliona gari, uso ulimchangamka. Alimshika Efrazia mkono.

"Umenisemea vizuri, mwanangu. Wananipeleka kwa Ludovika."

Mgambo wakamfunga mikono kwa kamba ya katani. Alipiga kelele, na watoto waliokusanyika wakacheka, "Kichaa! Kichaa!" Mgambo mmoja alimsukuma, akaanguka kifudifudi, mdomo ukapasuka. Hata hapo alimtafuta Efrazia kwa macho.

"Waambie tena, mwanangu! Hawakukusikia!"

Efrazia alishindwa kuvumilia. "Mfungueni!" alilia. "Nimedanganya! Hakusema hivyo!"

Mganga alimfungua mama huyo kwa mikono yake mwenyewe, akamwita Bwana Sulle, katibu wa kijiji, aje kutafsiri, akauliza yote upya. Walikaa ndani karibu saa nzima. Kisha mganga akayakata kwa kalamu yale aliyoandika kwanza.

"Huyu si kichaa," alisema. "Amefiwa, akanyimwa hata nafasi ya kuomboleza. Huzuni imemzidi. Nitamwona kila wiki, na kesho gari hili litampeleka kaburini."

Efrazia alingoja viboko. Havikuja.

"Mwambie mwenyewe ulichonitafsiria," mganga aliamuru.

Alimwambia, neno kwa neno. Mama Ludovika alisikiliza mpaka mwisho. Alipangusa damu mdomoni, akasema maneno machache, akageukia ukutani.

"Amesema nini?"

"Amesema..." Efrazia alibubujikwa na machozi. "Amesema kama Ludovika angekuwa hai, yeye asingemruhusu acheze na mimi."

Mganga hakumbembeleza.

"Sikiliza, binti. Malaria naiona kwa hadubini. Ugonjwa wa akili hauna hadubini. Nina masikio tu, na leo masikio yangu yalikuwa wewe. Ukimsingizia mtu wizi, atajitetea na huenda akaaminiwa. Ukimsingizia wazimu, kila akijitetea watu husema, mwoneni, wazimu umepanda. Ndiyo maana neno hilo si la kuchezea, wala si la majirani kugawa. Sasa nenda kalete maji, mama huyu anawe damu."