Wifi, Chiriku Yuko Wapi?

Magharibi ilimkuta fundi cherehani dukani, akinunua uzi mweusi. Nguo ya mteja ilimsubiri mezani, lakini roho yake haikuwa na raha. Kabla ya kutoka alikuwa amewafungia jikoni watoto wawili wa marehemu mdogo wake, bila kula. Kosa lao? Kuunguza maharage. Yule wa kike alikula na kofi juu yake. Watoto wake wa kuwazaa walishiba sebuleni.

Aliporudi, umeme ulikuwa umekatika. Wanawe wamejikunyata kochini.

"Mama," kifungua mimba wake akanong'ona, "jikoni kuna mtu anaimba."

Ufunguo alikuwa nao yeye, mfukoni.

Akatega sikio. Kweli... sauti ya mwanamke, ya chini, kama anabembeleza. Na harufu. Mafuta ya karafuu, na udongo uliotoka kunyeshewa.

Akapapasa ufunguo.

Harufu ile aliijua. Miaka mingi nyuma, yeye na mdogo wake walipofiwa na mama, walilelewa na shangazi yao. Walilala jikoni juu ya gunia, migongo imevimba kwa mwiko. Lakini kila usiku mkono wenye harufu ile uliwafunika. Asubuhi wakiulizana, kila mmoja alimwambia mwenzake kuwa ameota.

Akawasha tochi ya simu, akafungua mlango.

Watoto walikuwa wamelala, wamepakatwa. Mwanamke aliyewapakata alikuwa akilipaka mafuta shavu la yule binti, pale palipobaki alama za vidole.

"Mama...?"

Mwanamke akageuka. Sura ileile, haijazeeka hata siku moja. Macho yakampandisha na kumshusha, makavu, yamejaa chuki.

"Hawa ni wa mwanangu mdogo. Nimewajua kwa masikio yao," akanong'ona. "Mkubwa je? Wifi, Chiriku wangu umemficha wapi?"

Wifi. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akimwita shangazi.

Na Chiriku... hakuna aliyemwita jina hilo tangu mama azikwe.

"Ni mimi, mama! Chiriku ni mimi!"

"Usinidanganye, wifi. Mkono huo naujua."

Umeme ukarudi.

Hakuna mtu. Watoto wamelala sakafuni, shavu la binti linang'aa mafuta.

Tangu siku hiyo wanalala kitandani kwake, na sahani zao ndizo za kwanza kupakuliwa. Hajawainulia mkono tena. Lakini wakimwita "mama mkubwa," huinamia cherehani yake, hathubutu kuwatazama usoni.

Na kila giza likiingia, kuna mtu hupita uani. Hufunua ndoo. Hufunua matenga. Huita taratibu, "Chiriku... Chiriku..."

"Abee, mama," huitika fundi.

Nyayo husimama mlangoni.

Kisha huendelea kutafuta.