Mche Hauipi Taa Kisogo

Mwalimu Okiror alikutwa kifudifudi kwenye sakafu iliyolowa maji, kiganja chake cha kulia kikiwa juu ya waya uliochunwa. Ukutani, balbu kumi na moja ziliendelea kuwaka.

"Stima imemuua," alisema mwenye nyumba, na kabla chai haijachemka Malaba nzima ilikuwa inasema hivyo, kuanzia soko la ndizi hadi foleni ya malori ya mpakani.

Inspekta Methuselah Mugeni hakuwa na mapenzi na habari inayofika kabla ya uchunguzi. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumatano, Machi 1997. Aliwatoa watu nje, akamsimamisha Konstebo Egwang mlangoni, akaingia peke yake.

Chumba kilikuwa kirefu, madirisha yamezibwa kwa magunia. Humo Okiror, mwalimu mstaafu wa kilimo, alikuwa analea miche ya muhogo. Nje kulikuwa hakuleleki kitu. Inzi weupe walikuwa wameleta ugonjwa wa kukunja majani kutoka ng'ambo ya mpaka, na mashamba yalikuwa yamegeuka manjano toka Moding mpaka Busibwabo. Huko Busibwabo mama yake Mugeni aling'oa ekari nzima akapata mizizi myembamba ya kuchekesha, ila hakuna aliyecheka.

Ukuta wa mashariki ulikuwa na balbu za kawaida. Ule wa magharibi ulikuwa na taa za tyubu, zile ndefu nyeupe. Kila upande ulikuwa na mita yake ya stima na trei nane za miche. Kwa miezi mitatu mwalimu alikuwa akipima ni taa zipi zinazokuza mche bora kwa gharama ndogo. Jumamosi watu wa kanisa walikuwa waje kuona matokeo, kisha wawape akina mama wa kikundi cha Moding pesa za kujenga nyumba kubwa ya miche. Mvua ilikuwa mlangoni. Kikundi kikikosa pesa hizo, Moding ingepanda ugonjwa tena na kuvuna njaa.

Msaidizi wa mwalimu, mjane aitwaye Dolphine, ndiye aliyeukuta mwili.

"Ulifika saa ngapi?"

"Saa mbili, afande."

"Taa huwashwa na nani?"

"Mwalimu mwenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi, hata Jumapili."

"Na huu waya?"

Dolphine aliutazama, akafuta macho kwa upindo wa leso. "Huo ni wa soketi ya mwisho. Iliharibika wiki jana, haina stima. Tulikuwa tunangoja fundi."

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliandika kwa daftari."

"Daftari liko wapi?"

Alinyoosha kidole kwenye msumari ukutani. Msumari ulikuwa mtupu.

Mugeni aligeukia trei. Za mbele upande wa balbu zilikuwa na miche minene, mifupi, majani ya kijani kibichi. Za mbele upande wa tyubu zilikuwa na miche mirefu iliyonyong'onyea, ncha zimeungua.

"Kumbe balbu zimeshinda," alisema.

Dolphine alisogea, akainama. "Hii si miche ya hapa."

"Unajuaje?"

"Tazama inakoinamia, afande. Mche huifuata taa. Hauipi taa kisogo."

Ndipo Mugeni alipoona. Miche minene ilikuwa imezipa balbu mgongo na kuinamia magharibi, kulikokuwa na tyubu. Ile dhaifu nayo ilikuwa imeinamia mashariki. Trei nne za mbele za kila upande, zile ambazo mgeni angeziona kwanza, zilikuwa zimebadilishwa.

Alitia kidole kwenye udongo. Trei zilizobadilishwa zilikuwa zimelowa tepetepe. Za nyuma, ambazo hazikuguswa, zilikuwa kavu.

"Mwalimu alikuwa anamwagilia saa ngapi?"

"Saa nne, akishamaliza kupima urefu. Kamwe si kabla."

Nyuma ya mlango palikuwa na jiwe la kuuzuia usijifunge. Lilikuwa limeoshwa, lakini chini yake unywele mmoja wa mvi ulikuwa bado umenata. Mugeni alilifunga kwenye mfuko wa ushahidi.

Mchana daktari aliifuta hadithi ya stima. "Fuvu limepasuka kisogoni. Pigo moja la kitu kizito. Hana alama ya kuungua mkononi wala miguuni. Alikufa kati ya saa kumi na mbili na saa mbili."

Mkuu wa kituo alikuwa na mtu wake tayari. Ochuodho, mwenye duka la vifaa vya stima, alikuwa amemtukana Okiror hadharani juma lililopita. Mugeni alimkuta ameketi kwenye benchi la kituo, shati limelowa jasho.

"Ulimwambia marehemu kwamba utamwonyesha."

"Boss, hayo ni maneno ya biashara. Alikuwa anaambia watu balbu zangu ni hasara."

"Ni hasara?"

Ochuodho alikuna shingo. "Balbu ni shilingi thelathini na tano. Tyubu na vifaa vyake ni mia sita. Wewe mwenyewe uko na macho."

"Na stima je?"

"Hiyo ya stima uliza mita. Mimi siuzi mita."

"Balbu nyingi umeuzia nani?"

Ochuodho alijifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Nimekuuliza."

"Kikundi cha Moding. Mia tatu. Mwezi wa kwanza."

"Kabla majaribio hayajaisha?"

"Mteja akileta pesa nimfukuze? Nilimwambia bei itapanda, na ilikuwa karibu kupanda. Alilipa Mama Aluka, mwenyekiti. Nikampa elfu mbili ya asante."

Mugeni alimwinamia. "Ochuodho, ukihamisha mche kutoka hapa mpaka pale, unafanya nini?"

Mfanyabiashara alimkodolea macho. "Mche? Boss, mimi najua kuhamisha friji."

Egwang alicheka. Mugeni hakucheka. Alikuwa amepata jibu alilokuwa akiliogopa. Aliyebadilisha trei alikuwa mkulima, kwa sababu hata baada ya kuua aliinyeshea miche aliyoihamisha. Lakini alikuwa mkulima wa jua, asiyejua kwamba mche wa ndani hulalia upande wa taa. Dolphine angezigeuza trei. Ochuodho asingemwaga hata tone.

Siku iliyofuata alikwenda Moding.

Mama Aluka alikuwa uani akipepeta mtama wa uji wa matanga ya Okiror. Alikuwa na miaka sitini hivi, mikono mikavu, sauti ya kuongoza watu. Akina mama walimchagua kwa sababu hakuwahi kula cha mtu. Hakujua kusoma, na hakuna aliyejali, maana aliyakariri majina arobaini na moja ya wanachama pamoja na shida za kila mmoja. Aliwatolea wageni viti.

"Karibuni. Mwalimu alisomesha watoto wangu watatu," alisema. "Stima ni kitu mbaya."

"Kabisa, mama. Nilitaka unisaidie jambo la shamba. Ukihamisha mche, unaanza na nini?"

"Maji," alijibu bila kufikiri. "Mche ukihama ni kama mtoto amebadilisha nyumba. Usipoupatia maji saa hiyo, unakufa."

"Hata ukiwa na haraka?"

"Hata kama nyumba inaungua."

Mugeni alitamani mwanamke huyu aseme neno jingine lolote. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake.

"Trei nane zilihamishwa jana asubuhi, mama. Zote nane zilinyweshwa maji. Na miche yote ikaachwa imezipa taa kisogo."

Aliweka ungo chini polepole. Kuku walikuja, na hakuwafukuza.

"Nilimpelekea maziwa," alisema. "Nikamwomba aseme balbu zimeshinda. Zile mia tatu ziko ndani hapo, chini ya kitanda. Niliona bei ni ndogo, nikasema nimesaidia kikundi. Halafu ile elfu mbili nikalipia mjukuu hospitali. Sasa watu wa kanisa wangeuliza pesa yao ya kwanza, ile niliyonunulia balbu, ilienda wapi. Akina mama wangenitazama."

"Mwalimu alijibu nini?"

"Alisema, 'Mimi nitasema vile mimea inasema.' Akanipa mgongo, akasema, 'Lakini Mama Aluka...' Sikungoja. Jiwe lilikuwa hapo."

"Ungengoja."

"Niliona tu nyuso za akina mama. Nikaosha jiwe, nikauweka mkono wake kwenye ule waya."

"Na daftari?"

Aliingia ndani, Egwang akimfuata, akarudi na debe la unga. Akatia mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akatoa daftari la gamba jekundu. Alilipangusa kwa kanga kabla ya kulikabidhi.

"Mbona hukulichoma?"

"Maandishi ya mwalimu, nichome?" alisema, kama aliyetukanwa.

Mugeni alilifungua ukurasa wa mwisho. Uliandikwa Jumanne. Alisoma kwanza kimoyomoyo, kisha akaona ni dhambi kuunyamazia.

"'Tyubu zimeshinda. Balbu zinakula stima mara tano zaidi, zinaunguza ncha na zinakufa baada ya wiki kumi. Bei ya tyubu inarudi kabla ya siku hamsini. Kununua kwa bei ndogo si kubana matumizi.'"

"Najua hiyo," Mama Aluka alisema. "Ndiyo alikuwa anasema kila siku."

"Kuna chini yake. 'Mama Aluka alishanunua balbu mia tatu. Alitaka kuwapunguzia wenzake gharama, asiaibishwe. Ochuodho namdai pesa ya trela ya mbolea niliyomkopesha. Nitamwambia arudishe nusu ya bei, tutakuwa sawa. Zinazobaki zitafaa kulelea vifaranga, kikundi kianze kufuga. Jumamosi nitawaambia watu wa kanisa kwamba mimi ndiye niliyemtuma azinunue kwa majaribio.'"

Mtama ulikuwa umetapakaa kote, kuku wanaula.

Waliosema mwenye pupa hadiriki kula tamu hawakusema habari ya aliyeua mkono uliokuwa unamletea hiyo tamu, akashinda siku nzima na msamaha wake ndani ya debe la unga, asiweze kuusoma. Mugeni alikuwa amekamata wezi, walanguzi na wauaji kwenye mpaka huu kwa miaka kumi na minne. Siku hiyo aliichukia kazi yake.

Alitoa pingu. Mama Aluka alinyoosha mikono mwenyewe, ikiwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Dolphine anajua kusoma hiyo?" aliuliza.

"Anajua."

"Awasomee watu wa kanisa Jumamosi. Akina mama wapate tyubu. Mvua haitangoja kesi yangu."

"Nitamwambia."

Walipofika penye ua wa minyaa alisimama. Macho yake yalikuwa kwenye daftari lililokuwa kwapani mwa Inspekta.

"Pale mahali pangu," alisema. "Soma tena."

Mugeni alilifungua, akamsomea tena.