Maji ya Njiani

Kazija ndiye aliyeyaona kwanza: magugu ya njiani, baina ya matuta, yalikuwa marefu kuliko nyanya. Nyanya zenyewe zilikuwa na majani ya njano. Akayang'oa magugu, akanyamaza. Kunyamaza ndiyo tabia yake.

Pale kwao Wingwi, mashamba mawili yalitumia tangi moja, lililojazwa mara moja kwa siku. Asubuhi hadi adhana ya adhuhuri ilikuwa zamu ya kina Kazija. Baada ya hapo, ya Bi Mgeni, jirani yao. Kila siku, kabla ya kwenda skuli mchana, Kazija alimwagilia kwa mpira.

Bi Mgeni alikuwa na maneno ya shubiri. "Ati mtoto huyu kazaliwa na ulimi, au kausahau tumboni?" alisema siku moja mbele ya watu, kabla magugu hayo hayajaota. "Hebu tumwite Bubu."

Watu wakacheka. Tangu siku hiyo, Kazija alipomaliza kumwagilia hakufunga koki. Aliulaza mpira njiani, maji yakatiririka mpaka adhana. Zamu ni yetu, alijiambia. Asipate hata tone.

Wiki ya tatu, Bi Mgeni alikuja shambani kwao na shina la bilingani lililokauka, akalitupa miguuni mwa Bi Ummkulthum, mama yake Kazija.

"Haya, tazama! Tangi zima mnalinywa nyinyi?"

"Usinitupie taka zako, Mgeni! Weye ndiye unayechota alfajiri, watu wamelala. Madumu yako nimeyaona yamejaa!"

"Nimeyajaza mtoni, nikayabeba kwa mikono yangu hii!"

Kelele zikamleta Mzee Msellem, msimamizi wa tangi. Alisikiliza, kisha akatoa kufuli mfukoni. "Kama Mgeni anaiba maji, kuanzia leo hana zamu. Koki yake naifunga."

Bi Mgeni akakaa chini kwenye vumbi. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa mishikio ya madumu. Kazija akaviona, akasogea mbele.

"Si yeye," alisema. "Ni mimi. Naacha maji yakimwagika mpaka adhana. Makusudi."

Mama yake akamgeukia kwa jicho kali. "Umesema nini weye?"

Mzee Msellem alichutama, akachomeka kidole njiani, baina ya matuta. Kikazama kwenye tope. Aling'oa mche wa nyanya. Mizizi ilikuwa myeusi, imeoza.

"Umemkausha mwenzio, na nyanya zenu umezizamisha," alisema. "Nasi wakubwa tuna kosa: tulipima maji kwa adhana, si kwa haja ya mmea. Kuanzia kesho, kila mtu amwagilie shinani, asubuhi mapema au jioni jua likipoa, kisha afunge koki. Matuta yafunikwe kwa nyasi kavu, unyevu ukae. Maji ni amana, mjukuu wangu. Ukiyamwaga kwa chuki, hayakufai hata weye."

Ikawa hivyo. Mwezi ulipokwisha, tangi lilibakisha maji hadi magharibi, na mabilingani ya Bi Mgeni yakachanua. Hata hivyo, yeye na Bi Ummkulthum hawakuzungumza zaidi ya salamu.

Siku moja Bi Mgeni alikuja kufungua koki yake. "Bubu, mmeshamaliza?"

Kazija alifunga ya kwao, akaikaza, akamtazama usoni.

"Tumemaliza, Bi Mgeni. Lakini uliponiita Bubu mbele ya watu, niliumia. Jina langu ni Kazija."