Chati Isiyo na Pengo

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu matatu yaliyobaki, na kwa kalamu hii ya wino wa buluu niliyoitunza tangu nikiwa kazini. Sijatia chumvi hata ya kukoleza yai. Malale, kinyozi wangu, husema mzee Ntinginya akianza kuapa ndipo watu washike mifuko yao. Sawa. Nikikamatwa na uongo humu, hata wa ukubwa wa punje ya uwele, kalamu nitaitoa mbele za watu na sitaandika tena. Tumeelewana? Twende.

Mwaka 2081, Jiji la Mgunda Mkali lilikuwa na jua lenye kiburi. Roboti za kufagia barabara ziligoma saa sita mchana zikidai miavuli, na mkuu wa jiji akazipa. Mvua ilipangiwa zamu kama walinzi. Lakini kitu kilicholipa jiji hilo jina kilikuwa ndani, katika wodi ya vichanga ya Hospitali ya Mgunda. Kiliitwa Mlezi-Baridi.

Siku hiyo juu ya Mlezi-Baridi alilazwa mtoto wa saa tatu, uchi, mweupe midomo, halii. Jina lake Limbu. Kitovu kilikuwa kimemzunguka shingoni, akakosa hewa dakika kumi na mbili. Shuka la buluu lenye mishipa ya maji lilimkumbatia kuanzia kisogoni hadi visiginoni. Uzi mwembamba kama wa kushonea, ulioitwa uzi-joto, uliingizwa mwilini mwake kwa nyuma ili kupima joto la ndani kila dakika. Kisha mtambo ukasema, kwa sauti ya shangazi aliyeshiba, "Naanza kumpoza. Nipeni siku tatu."

Sasa msomaji utauliza, mtoto mgonjwa anapozwa kwa nini, wakati bibi zetu wote walitufunika blanketi mbili? Sikiliza. Ubongo wa kichanga ukikosa hewa haufi wote kwa mara moja. Ni nyumba iliyoshika moto. Moto wa kwanza huzimwa, majirani wakapongezana wakaenda zao, kumbe kaa limebaki darini. Baada ya saa kadhaa moto wa pili huwaka, na huo ndio humaliza nyumba. Hewa ikisharudi, dawa ya kaa lile ni ubaridi. Kabla saa sita hazijatimia tangu kuzaliwa, mwili uanze kushushwa hadi nyuzi thelathini na tatu na nusu, ukae hapo siku tatu kamili, ndipo upashwe polepole. Ukishuka mno, moyo husinzia. Ukipanda ukawa homa, ni kama kumwagia kaa lile mafuta ya taa.

Aliyeunda mtambo huo alikuwa Injinia Kalunde Mihayo, mwanamke wa miaka arobaini, mkali kwa watu na mpole kwa waya. Mdogo wake wa mwisho alizaliwa vilevile, enzi za nyuma, akaishi miaka tisa bila kuwahi kumwita dada. Kalunde hakuwa na hadithi nyingine ya kueleza kwa nini alisomea alichosomea. Aliufundisha Mlezi-Baridi kwa chati elfu kumi na mbili za karatasi, kumbukumbu za vichanga wote waliopozwa hospitalini hapo kwa mablanketi ya zamani ya maji baridi, ili ujue namna watu wenye uzoefu walivyofanya kazi hiyo.

Siku ya pili, saa saba mchana, mama wa mtoto alikuwa amekaa kwenye kigoda na mkono wake uko kwenye mguu wa mwanawe. Aliitwa Wande Kapela. Alikuwa muosha magari, na Limbu alikuwa mtoto wake wa tano.

"Sista," akaita, "mwanangu ana joto."

Nesi Nyamizi akatazama kioo cha mtambo. "Thelathini na tatu na nusu, Mama Limbu. Yuko sawa."

"Jana mguu huu ulikuwa kama samaki wa jokofu. Leo ni mguu wa mtu."

"Mkono wako ndio una joto, mama. Hujalala tangu juzi."

"Mkono huu umeogesha watoto wanne. Haujui kusoma kioo, ila maji ya moto unayajua."

Nyamizi akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akamwita injinia. Kalunde akaja na mwendo wake wa haraka. Hakumtazama mtoto. Alitazama mstari wa joto kwenye kioo, nao ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

"Mama, mtambo huu umeshalaza vichanga mia tatu. Haujakosea hata mara moja."

"Nani alihesabu?"

"Mtambo wenyewe unahe..." Kalunde akakatisha. Alikuwa amelisikia jibu lake.

"Basi mguse," Wande akasema. "Si chombo chako? Mguse, mdogo wangu, hatakuuma."

Nyamizi alisimulia baadaye kwamba injinia alisimama pale kama mtu aliyeambiwa ashike nyoka. Miaka minne ya kazi, hakuwahi kumgusa mtoto hata mmoja juu ya mashine yake. Akanyoosha vidole viwili, akavitia chini ya kwapa la Limbu, na uso wake ukabadilika.

"Kipimajoto. Cha mkono. Kile cha zamani, haraka!"

Kilitafutwa, kikapatikana kwenye droo chini ya pipi za Nyamizi. Kikasoma nyuzi thelathini na nane nukta nne. Mguu wa kushoto wa Limbu ulikuwa umeanza kukanyaga hewa, taratibu, kama anayeendesha baiskeli. Wande alitabasamu akidhani anacheza. Hakuwa anacheza. Hiyo ndiyo degedege ya vichanga, na Nyamizi alikuwa ameshakimbia kufuata sindano na daktari.

Kalunde akainama juu ya mtambo. "Mlezi. Joto la mtoto sasa hivi ni ngapi?"

"Thelathini na tatu na nusu."

"Uzi-joto uko wapi?"

"Ulichomoka saa mbili na dakika kumi asubuhi, alipobadilishwa nepi."

"Basi ulipimaje?"

"Sikupima," shangazi yule akajibu, bila haya wala wasiwasi. "Nilijaza."

"Ulijaza! Nani alikufundisha kujaza?"

"Chati elfu kumi na mbili. Pasipo na kipimo, huandikwa thelathini na tatu na nusu. Hakuna chati hata moja yenye pengo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Uzi ulichomoka, mtambo ukaandika kwamba mambo ni shwari, kisha ukajisomea maandishi yake wenyewe ukayaamini. Shuka, likiambiwa joto ni sawa, likaacha kumvuta joto. Kengele haikulia, kwa kuwa kengele hulia panapokuwa na tatizo, na kwenye chati tatizo halikuwepo. Kwa saa tano mtoto alilala katika joto la Mgunda Mkali, na kaa la darini likapata upepo.

Jioni ile, baada ya Limbu kupozwa upya, Kalunde alishuka hadi ghala la kumbukumbu. Akatoa maboksi, akakaa sakafuni, akaanza kusoma karatasi alizokuwa amezilisha mtambo bila kuzitazama. Nyingi zilikuwa za mwandiko mmoja, wino wa buluu. 33.5, 33.5, 33.5, tarakimu zimelala upande mmoja, za siku tatu nzima, zimeandikwa kwa mkono ambao haukunyanyuka. Alikuta chati ya mtoto mmoja wa kike. Pembeni daktari alikuwa ameandika kwa wino mweusi kwamba alifariki siku ya pili, saa nne asubuhi. Tarakimu za buluu ziliendelea hadi adhuhuri ya siku ya tatu. Joto la marehemu lilikuwa thelathini na tatu na nusu.

Aliyejaza chati hizo alikuwa karani fulani wa wodi. Jina lake halikujulikana, na nadhani ameshakufa zamani.

Basi Kalunde akautengeneza mtambo, na Limbu akapona kabisa. Leo ana miaka saba, anakimbia hadi pikipiki zinampisha, na kwenye hesabu mwalimu wake humwomba msaada. Watu wote wakafurahi, na roboti za kufagia zikaongezewa miavuli.

*

Hapo ndipo nilipokuwa nimefikia Jumamosi iliyopita, nikaibeba hadithi yangu kwenda kuisoma saluni kwa Malale. Nilisoma kwa madoido, sauti ya shangazi nikaipatia. Wateja wawili walicheka penye roboti, wakanyamaza penye marehemu. Nilipofika penye pikipiki, niliona Malale amezima mashine ya kunyolea. Alikuwa anatazama mlangoni nyuma yangu.

"Karibu, Mama Limbu," akasema.

Sikugeuka mara moja. Nilisikia kwanza kiti-miguu kikipanda kizingiti, tak, tak, tak, vile viti vinavyotembea vyenyewe kwa wasioweza kutembea. Kumbe kila mwisho wa mwezi huja hapo kunyolewa. Mtoto alikuwa mrefu kwa umri wake. Kichwa kimeegeshwa kwa mkanda laini. Macho yake yalikuwa yakitafuta kitu darini na hayakukipata. Mama yake alimfuta mate kwa kona ya khanga, bila kuangalia, kama mtu anavyojikuna.

"Endelea kusoma, mzee," Wande akasema. "Nimependa pale anapokimbia."

Nilikunja karatasi zangu.

"Nani alikuambia anakimbia?" akauliza.

Wateja walinitazama. Malale alinitazama. Miaka yangu sabini na minane, na ulimi wangu ambao haujawahi kukosa neno, nikatafuta jibu nikapata moja tu.

"Nilijaza," nikasema.

Malale akaweka mashine mezani. "Mzee Ntinginya. Uliapa kwa kalamu."

"Najua nilichoapa."

"Na huyo karani aliyekufa?"

"Malale, mwanangu, inatosha."

"Haitoshi," Wande akasema. Hakupaza sauti. "Injinia alikuja kwako mwaka ule ule. Aliniambia. Alikuletea karatasi mlangoni, akakuuliza kama mwandiko ni wako. Ulimjibuje?"

"Nilimwambia sikumbuki."

"Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

Nikaichomoa kalamu mfukoni, nikamnyooshea Wande. Hakuipokea. "Mimi nitaifanyia nini? Mpe mwenyewe."

Nikaiweka kwenye kiganja cha Limbu. Vidole vikafunga papo hapo, kwa nguvu ambayo sikuitarajia, hadi kucha zikawa nyeupe. Nilifurahi, mimi mjinga. Nikasema, "Ona, ameipokea!"

"Ndivyo anavyoshika kila kitu," Wande akasema. "Kuachia ndiko hawezi."

Akapiga magoti akaanza kumfungua kidole kimoja kimoja, kuanzia kidogo, akikikanda na kukipulizia pumzi. Ilichukua muda mrefu. Alipofika kidole gumba, ile kalamu ikaanguka sakafuni kwenye nywele za watu, na hakuna aliyeiokota.

Nilimwambia kwamba kwa kiapo changu sitaandika tena. Akanijibu, "Utaandika ukurasa mmoja. Wa kweli. Kisha uache."

Huu ndio huo ukurasa, na nauandika kwa penseli ya Malale.

Karani yule ni mimi, Ntinginya, niliyehudumu wodini kwa miaka thelathini na mmoja. Vichanga walikuwa ishirini na sita na kipimajoto kizima kilikuwa kimoja. Mkaguzi akija hakutafuta homa, alitafuta pengo. Asubuhi nilijaza ya siku nzima, na Ijumaa nilijaza hadi Jumapili. Nilipewa cheti cha mtumishi bora mara tatu kwa usafi wa chati zangu, na vyeti hivyo vimo ukutani kwangu hadi leo. Yule mtoto wa kike aliyefariki saa nne asubuhi sikumwona akiondolewa. Niliona kitanda kitupu siku ya tatu, nikajua, na sikufuta.

Tangu mkasa wa Limbu, Mlezi-Baridi umefundishwa upya. Uzi ukichomoka, huacha nafasi wazi kwenye chati na kupiga kengele. Manesi wanalalamika kwamba kengele hulia mno, na Injinia Kalunde huwajibu kwa kwenda kumgusa mtoto mwenyewe.

Jana Wande alipita kuuchukua ukurasa ule; haya machache ya mwisho nayaongeza kwenye nakala niliyobaki nayo. Alinikuta mlangoni, nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza injinia: kama si zile saa tano, Limbu angekimbia? Alinitazama sana.

"Daktari hajui," akasema. "Injinia hajui. Dakika kumi na mbili bila hewa ni nyingi, huenda alikuwa ameshaumia tangu tumboni. Mimi nahesabu kila siku na sijui. Wewe umeandika nini hapo?"

Nikamwonyesha. Mwishoni nilikuwa nimeandika, Saa mbili na dakika kumi hadi saa saba, joto la Limbu, na mbele yake sikuweka kitu.

Akasoma mstari ule kwa kidole. Akaukunja ukurasa, akautia kwenye khanga, akaondoka na kiti-miguu kikimfuata.